Mpiga Makasia wa Ghala la Maharagwe

Nilirudia mazoezi ya makasia, baada ya miaka mitatu bila kugusa kasia, nikiwa ndani ya ghala la maharagwe la mama mkwe wangu huko Bulengera, na mlango umefungwa kwa nje. Maji ya karibu yalikuwa ya chemchemi bondeni, ambayo hayatoshi kuelea hata bata. Ndani mlikuwa na magunia ya maharagwe, vitunguu vilivyoning'inizwa darini, kuku mmoja aliyeatamia mayai, na mimi, karani wa serikali mwenye kitambi, niliyekuwa nimejificha humo kwa majuma mawili.

Waasi walikuwa wameingia Butembo, na makarani ndio walioanza kutafutwa. Kwa maoni yao, mtu aliyevaa tai na kujua Kifaransa alikuwa Mzungu aliyesahauliwa nyuma. Wenzangu wawili wa bureau, yaani ofisi yetu, walichukuliwa mchana, wakiwa na kalamu mifukoni, na hatukuwaona tena. Mimi nilitorokea dirishani. Watu wengine wakikimbia huokoa redio, au sanduku la nguo. Nilipofika kwa wakwe na kutazama mikono yangu, niliona nimeokoa bunda la fomu tupu za vyeti vya kuzaliwa.

Nilikuwa naogopa sana. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani kwamba kwa kuwa najicheka leo, nilijicheka siku ile.

Juma la pili baba mkwe aliingia ghalani, akafunga mlango nyuma yake, akakaa juu ya gunia. Alikuwa mkulima wa kahawa na maharagwe, mtu wa rozari, asiyependa maneno mengi.

"Mukwe," alisema, "hapa hapana salama tena. Banauliza bakarani nyumba kwa nyumba. Ndugu ya mama mukwe yako iko na pirogue, mutumbwi, kule Kyavinyonge, ku ziwa. Mais yeye hawezi kutoka, kila asubui banahesabu balobaji ya samaki. Donc ni weye utaipiga ile pirogue, bibi yako na mutoto ndani, mpaka Uganda. Weye uko mutu ya maji."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angekiri. Mimi niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama bingwa anayeombwa arudi uwanjani, nikasema, "Ndiyo, baba. Mais nitaomba wakati kidogo ya kufanya mazoezi."

Ukweli wa ubingwa wangu ni huu. Nilizaliwa Kisangani, kando ya mto mkubwa, lakini baba yangu alikuwa seremala, na katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kushika kafi. Kabla ya uhuru Wazungu wa mji walikuwa na klabu ya makasia, na mimi niliajiriwa kuosha mitumbwi yao na kuipaka vanishi. Mzungu mmoja akishindwa kuja, kwa malaria au kwa pombe ya jana, walinikalisha kwenye kiti chake ili mtumbwi usiegemee upande. Uhuru ulipokuja na wenyewe wakaondoka, sisi vijana wa klabu tulivuta mitumbwi ile kwa msimu mmoja mzima, hadi askari walipoichukua kwa kazi zao. Hiyo ndiyo historia yangu yote ya michezo.

Lakini nilikuwa nimeupenda mchezo ule kuliko kitu chochote. Unakaa kwenye kiti kinachoteleza, mgongo wako ndio unaotangulia, unavuta kasia refu kwa mikono miwili, na njia anaiona mtu mmoja mdogo tu anayekaa nyuma akipiga kelele. Wavuvi wa mto walipopita wima kwenye mitumbwi yao, wakipiga kafi fupi na nyuso zao mbele, walituuliza kama tunamkimbia mkwe. Sisi tuliwadharau. Kwangu kafi lilikuwa jambo la kijijini, na kasia lilikuwa elimu.

Baadaye serikali ilinihamishia Butembo, mji wa milima, ambako hakuna mtu angeweza kunipima. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilipoposa, msemaji wangu alitia chumvi juu ya chumvi yangu mwenyewe: kijana huyu, alisema, ni bingwa wa mto mkubwa, ameshinda Wazungu. Baba mkwe hakupendezwa, maana alitaka mtu wa jembe, naye alikuwa ameviona viganja vyangu. Lakini mama mkwe alikuwa akisikiliza jikoni. Yeye alizaliwa ziwani, Kyavinyonge, akaletwa mlimani kwa ndoa, na hakuwa ameona maji mapana kwa muda mrefu. Alituma neno kwamba mtu wa maji akubaliwe. Basi ni yeye aliyenipa mke, kwa kuamini sifa ambazo hazikuwa zangu.

Tangu siku ya ndoa, mimi na mama mkwe hatukuwa tumetazamana usoni hata mara moja. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe kwetu sote, na pale Bulengera waliishika barabara. Tukikutana njiani yeye huingia shambani, nami hutazama viatu vyangu. Akitaka kuniambia jambo humwambia binti yake, au humwambia mtoto wetu mchanga, nami nikiwa nimesimama palepale: "Mujukuu, sema kwa baba yako, chakula iko tayari." Nami hujibu kwa mtoto, ambaye hujibu kwa mate.

Sasa fikiria mkwe wa namna hiyo amejificha katika ghala la mama mkwe, na mama mkwe anahitaji maharagwe kila siku. Alikuwa anakohoa mara tatu nje ya mlango. Nami nilikuwa najifunika blanketi kichwani na kusimama kwenye kona kama jogoo aliyefunikwa kwa kikapu. Yeye anaingia kinyumenyume, anachota maharagwe akielekea ukuta, anatoka.

Katika mazingira hayo nilipanga mazoezi. Kupanga ndiko nilikokujua. Nilichukua fomu moja ya cheti cha kuzaliwa, nikaigeuza, nikaandika juu yake kwa mwandiko wa bureau: PROGRAMME. Nikapiga mistari kwa ukingo wa kisanduku cha kiberiti. Jumatatu, kuvuta mara mia mbili. Jumanne, mia mbili na hamsini. Jumatano, kunyoosha mgongo. Nilifikiri sana kuhusu Jumapili, mwishowe nikaandika "mapumziko", kama mtu aliyekuwa amechoka kwa kazi. Kazi ya kuandika programme ilinichukua siku tatu, na nilipomaliza nilijisikia nimekwisha kupata afya.

Siku ya nne ilinibidi nianze. Kiti changu kilikuwa kipande cha ubao juu ya ubao mrefu zaidi, nilioupaka mafuta ya mawese ili uteleze. Kasia lilikuwa mchi wa kutwangia, uliofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo ya ghala. Nilivua shati, nikakaa, nikavuta pumzi, nikakumbuka asubuhi za mto. Mvuto wa kwanza ulikuwa mzuri kweli. Wa pili, mawese yalifanya kazi kuliko nilivyotazamia, ubao ukaniacha, nikaenda na mgongo hadi kwenye maharagwe. Kuku aliyaacha mayai yake. Mke wangu alifungua mlango akidhani waasi wamefika.

"Ni nini?" aliuliza.

"Ni mazoezi."

Alinitazama pale chini, miguu juu, maharagwe nyweleni. "Baba ya mutoto," alisema, "ukiendelea hivi, utafika Uganda bila kutoka mu ghala."

Siku ile nilivuta mara kumi na moja. Niliandika ishirini, kwa sababu makarani tunajua kukadiria.

Hata hivyo niliendelea. Tumbo lilipungua, kwa mazoezi au kwa hofu. Baada ya majuma matatu nilifika mia mbili za kweli, na viganja vikawa malengelenge, kisha malengelenge yakawa sugu. Nilianza kujipiga kifua tena. Mke wangu alipoleta chakula nilimweleza siri ya mchezo: nguvu ni ya miguu, mikono inafuata tu, na mgongo ndio unaotangulia. Alisikiliza akinyonyesha. Hakuwa amewahi kuona hata mtumbwi.

Jambo moja lilinisumbua. Kila nilipofunguliwa mlango kwenda chooni alfajiri, nikirudi nilikuta ubao wangu umegeuzwa. Mimi nauweka ili niipe mgongo nguzo ya mlangoni, ambayo kwangu ndiyo ilikuwa Uganda. Nikirudi naukuta umeelekezwa upande mwingine, ili anayekaa aitazame. Nilidhani ni mke wangu akifagia, nikaurudisha. Kesho yake umegeuzwa tena. Nikaurudisha. Kisha siku moja nilikuta juu ya ubao mwiko mkubwa wa kusongea ugali, ule wa sherehe, wenye bapa kama kiganja cha jitu, umewekwa katikati kwa adabu.

Nilikaa na mwiko ule asubuhi nzima. Hatimaye nilielewa, au nilidhani nimeelewa: mama mkwe anasema nakula sana. Niliona aibu. Nilimrudishia mwiko kupitia kwa mke wangu, pamoja na shukrani, na tangu siku hiyo nikaacha nusu ya ugali wangu kwenye sahani. Asiyejua maana haambiwi maana.

Siku ya kuondoka ilifika ghafla, jirani alipoulizwa mara ya pili kuhusu mkwe wa nyumba ile. Tuliondoka asubuhi, mke wangu na mtoto mgongoni, mama mkwe mbele kwa kuwa ndiye anayejua njia na watu wa kwao, na mimi nyuma kabisa, miguu mitupu, nimevaa nguo za shamba za baba mkwe, nikibeba kikapu cha maharagwe mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Wanawake wa milimani hubeba hivyo kutwa nzima wakizungumza. Mimi baada ya kilima cha kwanza niliacha kuzungumza, na baada ya cha tatu shingo yangu haikugeuka tena.

Njiani, kabla ya barabara kuanza kuteremka kuelekea ziwani, kulikuwa na kizuizi. Vijana wawili wa waasi, wenye majani vichwani na bunduki moja kati yao. Hawakuuliza karatasi. Walisema, "Mikono." Walikuwa wamejifunza kwamba karani anaweza kubadili nguo lakini hawezi kubadili viganja. Nilinyoosha mikono yangu, viganja juu. Kijana alipitisha kidole gumba juu ya sugu za ule mchi, akazikwaruza, akanitazama, akasema, "Pita, mulimaji."

Niliitwa mkulima, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nilitamani baba mkwe angekuwepo asikie. Nilijiambia kwamba programme imeniokoa. Ilikuwa kweli, ila sikujua kwamba msaada wake ulikuwa umeishia hapo.

Tulilala kwa jamaa, na kesho yake jua likichomoza tulikuwa Kyavinyonge, kwenye mwanya wa matete mbali na mahali ambapo waasi huwahesabu wavuvi. Ndugu ya mama mkwe alikuwa ametuandalia mtumbwi. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, mwenye haraka. Mpango ulikuwa rahisi: nifuate ufuko upande wa kushoto, nikae mbali na pale mto Semliki unapotoka ziwani kwa sababu maji huanza kuvuta, niwaepuke viboko, na kabla ya jua kupinda niwe Uganda, ambako jamaa zao wangeupokea mtumbwi. Alinipa kafi. Lilikuwa fupi, na bapa lake lilinikumbusha kitu, lakini sikuwa na nafasi ya kukumbuka ni nini.

Niliingia kwa madaha. Nilitaka waone. Nilimsaidia mke wangu kukaa na mtoto mbele, nikakaa katikati ya mtumbwi, nikazipanga nyayo zangu, nikampa mgongo mke wangu, nikaipa mgongo Uganda, nikashika kafi kwa mikono miwili kama kasia. Nikainua uso. Mama mkwe alikuwa amesimama majini akishikilia nyuma ya mtumbwi, hatua mbili kutoka kwangu, na sasa tulikuwa uso kwa uso. Haraka akatazama mawingu. Mimi nikatazama magoti yangu, nikavuta.

Mtumbwi ulizunguka. Nilivuta tena kwa nguvu za miguu, mgongo wima, sawasawa kabisa na nilivyofundishwa, ukazunguka mara ya pili, ukarudi ukagonga matete. Mtoto alicheka.

"Mukwe," alisema yule mvuvi polepole, "unaenda wapi?"

Nilielewa yote kwa pamoja, ubao uliogeuzwa ili nitazame mbele, na mwiko ule juu yake, ambao ulikuwa kafi. Yule mama alikuwa amejua tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi, kabla ya kukohoa, alikuwa ameona kupitia mwanya wa mlango mkwe wake akijifunza kwa bidii kubwa jinsi ya kutofika. Lakini kuniambia kungekuwa kukiri kwamba amemtazama mume wa binti yake akiwa kifua wazi. Basi alifanya alichoweza, na mimi nikamrudishia mwiko wake na asante.

Kutoka upande wa kijiji tulisikia filimbi. Hesabu ya wavuvi ilikuwa inaanza, na ndugu yake alipaswa kukimbia. Alikimbia. Tulibaki sisi, matete na mtoto.

Mama mkwe alikaza kitenge kiunoni, akaingia mtumbwini nyuma, akalitoa kafi mikononi mwangu, akaniambia neno la kwanza aliloniambia moja kwa moja tangu nioe: "Geuka."

Nikageuka. Kulikuwa na kafi la pili, nikalishika kujaribu kusaidia. Nililigonga ubavuni mwa mtumbwi, kisha nikamrushia maji mke wangu na mtoto, kisha karibu nitupindue.

"Weka chini," sauti ilisema nyuma yangu. "Kamata ile kibuyu. Utoe mayi."

Hivyo bingwa wa mto mkubwa alivuka ziwa akiwa ameshika nusu ya kibuyu. Nilichota na kumwaga, na maji yalipokwisha niliendelea kuchota hewa, kwa sababu sikutaka ikumbukwe kwamba kuna mwanamume mtumbwini asiye na kazi. Sikuthubutu kugeuka. Nilisikia kafi lake tu, pigo baada ya pigo, bila haraka, na pumzi yake. Alikuwa ameondoka ziwani akiwa msichana, na mikono ilikuwa bado inakumbuka. Pale Semliki inapotoka maji yalituvuta kweli, mtumbwi ukaanza kwenda upande, mke wangu akaanza kusali kwa sauti. Pumzi nyuma yangu ikawa nzito, pigo likawa la haraka, na kwa muda mrefu ufuko haukusogea. Kisha ukasogea. Viboko walitutazama wakapuliza maji, tukawapita kwa mbali.

Tulifika jua likiwa utosini. Wakonjo wa upande ule walikuja hadi majini wakitusalimia, na mama mkwe akawajibu kwa Kinande, lugha ya kwao milimani, wakaelewana kama watu wa ua mmoja. Mke wangu alishuka. Nikashuka. Nikambeba mtoto. Mama mkwe hakushuka. Aliomba maji ya kunywa, akala ndizi moja ya kuchoma, na kuanza kugeuza mtumbwi.

"Mama, unaenda wapi?" mke wangu alilia.

"Nyumbani," alisema. "Baba yako iko peke yake. Na wakiona miye hapana, watauliza."

Upepo ulikuwa umeanza kutoka upande wa Kongo, ule wa mchana. Ziwa lililokuwa bapa asubuhi sasa lilikuwa na mawimbi yenye vichwa vyeupe, naye angekwenda kinyume nayo, peke yake, hadi Semliki na kuipita. Hata mimi niliona kwamba maji yataingia mtumbwini, na kwamba mtu hawezi kupiga kafi na kuchota maji kwa wakati mmoja. Kazi pekee ambayo nilikuwa nimethibitisha kuiweza ndiyo ile ambayo angeihitaji.

Nikasema. Nataka ijulikane kwamba nilisema. Niliingia majini hadi magotini, mtoto mkononi, nikasema moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, "Mama, nirudi na weye. Nitatoa mayi."

Akasimamisha kafi. Akainua uso akanitazama, macho kwa macho, kwa muda ambao mkwe hapaswi kumtazama mkwe. Sijui alitaka kuona nini. Najua alichokiona. Maana kabla hajajibu, moyo wangu ulikuwa umekwisha kujua kwamba atakataa, ukafurahi, na sikuwahi kuuficha uso wangu kwa wakati.

"Bakia na bibi yako," alisema kwa upole, akasukuma mtumbwi.

Alifika. Habari ilitujia baada ya majuma matatu kupitia kwa wachuuzi wa samaki, na vita vilipokwisha tulimkuta Bulengera akianika maharagwe, mzima. Mke wangu huwasimulia watoto jinsi baba yao alivyosimama majini akiomba kurudi na bibi yao, nao hunitazama kwa heshima. Mama mkwe amekuwepo mara nyingi akiisikiliza hadithi hiyo, na hajawahi kuisahihisha.